Goti Lililofutwa

Habari yenyewe ililetwa na Mama Ambakisye, muuza maziwa mgando, na yule hakuwa mtu wa kuleta habari nzima. Alikuachia nusu, nusu nyingine uitafute mwenyewe ukiosha vyombo.

"Ng'ambo ya mto Kiwira kuna mwanamke anapunga mkono," alisema huku akimimina maziwa kwenye kibuyu cha Asegelile.

"Anampungia nani?"

"Ndiyo hapo sasa. Hampungii mtu. Yuko shambani, mkono unapanda. Yuko kanisani watu wamefumba macho, mkono huo juu. Wanasema mwanawe aliuchukua ule mkono akauweka kwenye mchezo wa kompyuta, na huko mchezoni kuna watu wanaagana kutwa nzima."

"Watu wa ng'ambo nao kwa maneno."

"Mimi nauza maziwa tu, shoga. Maneno natoa bure."

Wakacheka, Mama Ambakisye akabeba ndoo yake akashuka njia ya chai, ukungu ukamla kuanzia miguuni. Asegelile akabaki mlangoni na kibuyu. Alisonga ugali mkono ule ukapanda mawazoni mwake. Alianika nguo, ukapanda tena. Hata alipokwenda kukinga maji yaliyokamuliwa na paa kutoka kwenye ukungu, ndoo ya tatu tangu asubuhi, aliuona mkono wa mtu asiyemjua ukiaga hewa tupu.

Alikuwa na sababu ya kutoweza kuusahau. Wiki tatu nyuma, yeye mwenyewe alivaa fulana ya kunasia.

*

Bintiye Sekela alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza kwenye chuo cha ufundi mjini, akijifunza kutengeneza michezo. Wanaoanza walipewa kazi ndogo: mchezo wa maonyesho sita, mtu wa mchezoni atoke onyesho la kwanza mpaka la mwisho bila kukwama. Fulana waliazimwa na chuo. Ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, rangi ya maji ya bluu, na ukiigusa ilikuwa na joto kidogo, kama kitu kilichotoka kuvuliwa.

"Haikupigi picha, mama," Sekela alimweleza. "Inasikiliza misuli. Inauchukua mwondoko pale unapoanzia, kabla hata mkono haujajua kwamba utanyanyuka."

"Na ikishauchukua?"

"Inaufanya uzi. Uzi naufunga kwa mtu wangu wa mchezoni, naye anatembea kama mtu, siyo kama mwanasesere. Haya, tembea."

"Nitembee vipi?"

"Kama unavyotembea."

"Sasa umeniambia, nimesahau."

Walicheka mpaka Asegelile akaketi kwenye kinu, na kicheko kile nacho kikanaswa. Kwa siku tatu za mvua walinasa sita: kutembea, kuketi, kugeuka akiitwa, kubeba kitu cha moto, kucheka, na kupiga goti akisalimia.

Hilo la sita ndilo aliloliwazia. Goti lake alifundishwa na mama yake mzazi, nyuma ya jiko, wiki moja kabla ya kuolewa. Goti la kulia linatangulia, la kushoto linafuata, viganja vinakutana juu ya paja. Macho ndiyo ya mwisho. Macho yanachelewa kidogo kushuka, ili unayemsalimia aone kwamba umemwona kwanza, ndipo ukajishusha. Mama yake alishakufa. Hakumwachia shamba wala ng'ombe. Alimwachia hilo.

Na kwa miaka ishirini na miwili kila asubuhi alilipeleka chumbani kwa mama mkwe wake, Bibi Tupokigwe, pamoja na uji.

Bibi Tupokigwe alikuwa mwanamke wa kunyooka. Zamani akitembea watu walimpisha bila kujua kwa nini. Miaka miwili sasa kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mzima wa kulia, mdomo kidogo, mkono na mguu kabisa, akawa wa kitandani karibu na dirisha, anatazama ukungu. Mwanawe, baba yake Sekela, alikuwa Kyela kwenye mashine za mpunga na alirudi mwisho wa mwezi. Kumgeuza, kumwosha na kumlisha vyote vilikuwa vya Asegelile. Mdomo wa Bibi ulipinda lakini maneno hayakupinda.

"Uji wa leo umepikwa na mtu mwenye haraka," alikuwa akisema. Au: "Unainama kama unayeogopa dari."

"Ndaga, mama," Asegelile alijibu, ndiyo kusema ahsante, akachukua kikombe.

*

Mchezo wa Sekela ulitokana na Bibi mwenyewe. Alimsimulia mjukuu wake kwamba alipokuwa msichana mdogo, moto ukizimika nyumbani, alitumwa kwa jirani na kigae cha chungu chenye majivu, kuomba kaa la moto. Unafika, unapiga goti, unaomba, unapewa, unarudi mbio kabla halijafa. Sekela akaipenda. Akatengeneza kijiji ambacho ukungu umezima mioto yote, na mwanamke mmoja mwenye kigae anapita nyumba hadi nyumba akikusanya makaa.

Mchezo ulipokuwa tayari, walimvika Bibi fulana, maana aliyevaa ndiye aliyetembea mchezoni, hata kama amelala. Kioo cha kompyuta kilisimamishwa kwenye kiti. Mwanamke mwenye kigae akatoka kwenye ukungu.

Asegelile alisimama nyuma na kanga mdomoni. Uso haukuwa wake, wala nguo. Lakini yule mtu alikuwa akiweka kisigino chini taratibu, kama anayekanyaga mayai, na bega la kushoto limetangulia kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anatembea hivyo. Alijitambua palepale.

Kisha akatoka jirani wa nyumba ya kwanza, naye akaweka kisigino hivyohivyo. Na wa nyumba ya pili. Sokoni wakatokea watu kumi na wawili, mabega yote ya kushoto yametangulia.

"Mbona wote ni mimi?"

"Ni mradi wa mwanzo, mama. Mwondoko mmoja nautumia maonyesho yote. Kumtengenezea kila mtu wake ni kazi ya miezi. Hata mwalimu anasema anayeanza asijitese."

"Na yule mzee mwenye ndevu?"

"Nimempunguzia mwendo tu."

Kitandani, Bibi alikuwa anatembea. Macho yake yalikuwa kwenye ukungu wa kioo, na nyuma ya kioo, dirishani, ulikuwepo ukungu wa kweli, hata usijue kimoja kinaishia wapi. Alifika nyumba ya kwanza. Akapiga goti. La kulia, la kushoto, viganja, na macho yakachelewa kidogo. Akapewa kaa la moto.

Siku ya nne kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza chini ya blanketi. Siku ya tisa mguu mzima ulivutika. Muuguzi aliyepita akagonga goti la Bibi kwa kinyundo, akagonga tena, akasema sijui mnafanya nini lakini msiache.

Hawakuacha. Bibi alicheza asubuhi na mchana. Na Asegelile akaanza kupata usingizi wa mchana ambao hakuwahi kuujua. Alikuwa akichambua maharage, macho yanazidi uzito, mara yuko kwenye ukungu mweupe usio na baridi, na kigae mkononi, na mbele yake nyumba zenye milango wazi. Hakuna aliyemwita jina. Alipita tu, anainama, anapewa, anapita. Kulikuwa kuzuri huko, hilo hakulificha. Miguu haikuuma, na kila mlango ulikuwa na mtu anayemngoja. Alizinduka na maharage yamemwagika, na viganja vyake, alipovinusa, vilinuka majivu.

Ndipo Mama Ambakisye alipoleta habari ya yule mwanamke anayepunga mkono.

*

Asubuhi moja Sekela aliketi barazani akiongeza onyesho la saba. Lilikuwa la Malkia wa Ukungu, yule aliyezima mioto. Hakuwa na mwondoko wa malkia, akamfungia uzi uleule wa mama yake. Malkia akatoka vizuri, bega mbele, kisigino taratibu. Tatizo, alipokutana na mwenye kigae, Malkia alipiga goti.

"Malkia hapigi goti," Sekela alijiambia. Akaufungua uzi, akatafuta pale goti lilipo, akalifuta. Akabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, kama unavyobonyeza ndiyo mara ishirini kwa siku.

Wakati huo Asegelile alikuwa anaingia chumbani kwa Bibi na bakuli la uji. Mama Ambakisye alikuwemo, ameketi kwenye kigoda, ameleta maziwa na kukaa kidogo.

"Mugonile, mama," Asegelile alisalimia, na akajishusha.

Hakushuka.

Aliweka bakuli mezani akajaribu tena. Magoti hayakuwa magumu wala hayakuuma. Angeweza kuketi, na kijiko kilipoanguka alikiokota. Lakini lile goti la salamu alilitafuta kama mtu anayeingiza mkono kwenye droo ya vijiko anayoijua, mkono ukagusa ubao. Alisimama wima mbele ya kitanda cha mama mkwe wake, mikono ikining'inia, macho hayashuki.

Bibi Tupokigwe alimtazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Leo uji umeletwa na mti," alisema.

"Mama, samahani, sijui..."

"Acha. Nimekuwa mtu wa kulala. Anayelala huwezi kumwinamia zaidi ya hapo alipo."

Mama Ambakisye aliangalia ndani ya ndoo yake kana kwamba kuna kitu kimetumbukia. Aliaga mapema. Kabla jua halijapata nafasi ya kutoboa ukungu, mlima mzima ulijua kwamba mkwe wa Tupokigwe amesimama kama nguzo mbele ya mgonjwa, na wenye kujua zaidi walisema amechoka kumuuguza na sasa anaonyesha wazi.

*

"Umefanya nini?" Asegelile alimuuliza bintiye. Walikuwa jikoni, mlango umeegeshwa.

Sekela alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mchezo. Kwenye nyumba ya kwanza mwenye kigae alifika, akasimama wima. Nyumba ya pili, wima. Sokoni wote kumi na wawili wakatazamana kama miti. Sekela akaweka mkono shavuni.

"Nilifikiri nimelifuta kwa Malkia peke yake."

"Kwani si kwa Malkia?"

"Uzi ni mmoja, mama. Ningetengeneza nakala kwanza, nikampa Malkia nakala, ningefuta kwenye nakala. Mimi nimefungua uzi wenyewe. Maonyesho yote saba yameshika uzi mmoja. Ukigusa mahali pamoja umegusa kote."

"Mimi simo kwenye hayo saba yako."

Sekela alikwenda chumbani kwake akarudi na boksi la fulana. Chini kabisa, bado kwenye nailoni yake, kilikuwamo kijitabu. Walikisoma pamoja, Sekela akitafsiri maneno ya kitaalamu kwa maneno ya nyumbani, na kidole chake kikifuata mistari.

Kilieleza kwamba uzi ukinaswa unakuwa hai. Bado umefungwa kwa mwili uliotoka, ndiyo maana mwondoko wake unapumua. Mtengenezaji anatakiwa aunakili, kisha aukate, atumie nakala. Nakala haina pumzi sana lakini haina madhara. Uzi hai ukiachwa bila kukatwa na kutumika maonyesho mengi, utamhesabu mwenye mwili huo kuwa ni onyesho mojawapo.

"Mimi ni onyesho la nane," alisema Asegelile.

"Mama."

"Lirudishe basi. Andika tena hilo goti."

"Nilihifadhi juu yake. La zamani halipo."

Asegelile alikaa kwenye kigoda. Alifikiria nyuma ya jiko la kwao, mama yake ameshika kiuno, anamwambia macho, mwanangu, macho yasiwahi. Hakulia. Aliuliza kilichoandikwa ukurasa unaofuata.

Ukurasa uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Uzi hai, kilieleza, huvutika upande unaotumika zaidi. Mwili unaoutumia kila siku hujifunza. Mwili uliotoka husahau.

Wote wawili walitazama ukuta wa chumba cha Bibi. Na kutoka huko, wakati huohuo, ukasikika mtu anacheka. Kilikuwa kicheko cha kuanzia chini, kinachopanda na kukatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka yuko mbele ya watu. Bibi Tupokigwe alikuwa anacheka kicheko cha Asegelile.

"Naukata sasa hivi," Sekela alisema akinyanyuka.

"Na yeye?"

"Kilichokwisha kumwingia kitabaki kwake. Kisichoingia..." Sekela alisita. "Jana alisimama akishika kitanda. Ataishia hapo. Nakala haiwezi kumfundisha, mama, nakala ni picha tu."

Asegelile alijua chumba kile kuliko mtu yeyote. Kutoka kitandani mpaka mlangoni hatua tisa. Kutoka mlangoni mpaka jikoni, hatua ishirini na moja. Alimjua pia mwanamke aliyekuwemo. Alimjua alivyomhesabia chumvi mwaka wa kwanza wa ndoa, na alivyomshika mkono bila neno usiku alipojifungua Sekela. Na alijua sauti anayotoa asubuhi anapogeuzwa, sauti ambayo Bibi hudhani haisikiki.

"Mpaka afike jikoni," alisema.

"Ni miguu yako, mama."

"Na kile ni kitanda chake. Mpaka afike jikoni, ndipo ukate. Na usiguse kitu kingine kwenye huo uzi, hata herufi."

"Tumwambie, basi. Ana haki ya kujua anatembelea nini."

Hapo ndipo Asegelile alipokosea, kama alikosea. Mpaka leo wanaoijua habari hii hawajakubaliana. Alitikisa kichwa.

"Akijua atavua," alisema. "Usimwambie."

*

Siku zilizofuata ukungu haukuondoka. Mashine za kuchuma chai zilipita ng'ambo ya uzio zikivuma taratibu, hazionekani, kama zinachuma mawingu.

Bibi alipiga hatua mbili, akapiga nne. Kila alipoongeza, Asegelile alipungukiwa. Mwanzo ulikuwa upungufu wa kuchekesha: alitaka kwenda kisimani akajikuta amesimama, anawaza mguu upi unatangulia. Baadaye alishika ukuta. Kisigino kile cha taratibu kilimtoka, akawa anatua mguu mzima, pwa, pwa, kama mtoto wa mwaka. Mama Ambakisye alimkuta ameegemea mti wa parachichi.

"Shoga, umeanza kuonja pombe?"

"Nimeanza kujifunza kutembea."

"Katika umri huu?"

"Wewe uza maziwa yako."

Mchana bado alisinzia, lakini kule kwenye ukungu mambo yalikuwa yamebadilika. Hakuwa tena yeye mwenye kigae. Mtu mwingine alitangulia, mgongo umenyooka, na Asegelile alimfuata kwa mbali, akiliona kaa la moto likiwaka mikononi mwa yule mtu, jekundu, dogo, peke yake katika weupe wote. Alipomwita, aliyegeuka aligeuka kama anavyogeuka yeye.

Hatua sita. Hatua nane. Ilipofika hatua ya tisa Bibi aligusa mlango kwa kiganja, akausikiliza ule ubao kana kwamba mlango una moyo. Sekela alikuwa barazani, kompyuta magotini, kidole karibu na kitufe cha kukata, anamtazama mama yake. Mama yake alitikisa kichwa. Bado.

Asubuhi ya kumi na saba Asegelile alikuwa jikoni peke yake, ameshika ukuta, anasubiri maji yachemke. Akasikia nyayo uani. Zilikuwa nyayo za mtu anayekanyaga mayai. Nywele zilimsimama, maana alikuwa anajisikia yeye mwenyewe akija.

Mlangoni akasimama Bibi Tupokigwe. Alikuwa na fulana ya bluu juu ya gauni la kulalia, na mkononi kigae cha chungu, kile cha kulishia kuku, chenye majivu.

"Nimekuja kuomba moto," alisema.

"Mama, mmetembea," Asegelile alisema kwa wingi wa heshima.

"Nimetembea." Bibi aliegemea mwimo wa mlango akavuta pumzi. "Na usinitazame hivyo. Unadhani sikujua ni miguu ya nani? Miaka ishirini na miwili naisikia ikija na uji."

Maji yalianza kuimba kwenye sufuria.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, kwenye nyumba ya kwanza. Lakini sikujua inakutoka. Nilifikiri unaniazima tu, kama mtu anavyoazima kinu. Nimejua wiki hii, nilipokuona umeshika mti."

"Mbona hamkuvua?"

Bibi aliangalia kigae chake. Jibu lake halikupambwa.

"Nilitaka kutoka nje," alisema. "Niliona aibu, kila siku nimeiona, naivaa na hiyo fulana. Lakini nilitaka kutoka nje."

Kisha, kabla Asegelile hajajua kinachotokea, yule mwanamke wa kunyooka, aliyepishwa njia na mlima mzima, alianza kushuka. Goti la kulia. La kushoto. Viganja vikakutana juu ya paja, kigae katikati. Macho yakachelewa kidogo, yakamtazama Asegelile, yakahakikisha amemwona, ndipo yakashuka.

Lilikuwa goti la mama yake. Halikufutwa kule. Liliingia kwenye mwili wa Bibi siku zile za kwanza, likabaki, na sasa hapakuwa na mahali pengine duniani lilipokuwa ila kwenye magoti ya mama mkwe wake.

Mkubwa akikuinamia, wewe unatakiwa uwahi chini yake, uguse ardhi kama inabidi. Asegelile alijua hivyo tangu utotoni. Kila kitu ndani yake kilishuka isipokuwa mwili. Alibaki wima jikoni kwake, kama Malkia wa Ukungu, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na mbele yake mama mkwe ameinama anangoja.

Mlango wa baraza ulikuwa wazi. Sekela aliwaona wote wawili. Akabonyeza.

Hakuna kilicholia. Miguu ya Asegelile ilitetemeka mara moja, kama nyuzi za kitanda ukinyanyuka, ikatulia na kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Alichukua koleo akatoa kaa moja kwenye jiko, jekundu, akaliweka kwenye majivu ya kigae.

"Ndaga," alisema Bibi Tupokigwe. Alinyanyuka kwa kushika mwimo. "Kesho uji nitaleta mimi. Na hilo goti uje nikufundishe. Utaanza na la kulia."

"Najua, mama. La kulia linatangulia."

"Unajua kwa kichwa. Kichwa hakina magoti."

Walianza kesho yake, nyuma ya jiko. Halijakaa bado. Magoti yanakwenda, viganja vinakwenda, lakini macho ya Asegelile bado yanawahi.

*

Mwenye mtoto anayeanza kutengeneza michezo, au anayetengeneza mwenyewe, aepuke haya:

Usimvalishe mtu fulana ya kunasia kabla hujasoma kijitabu chake, na ukisome mpaka ukurasa wa mwisho, siyo ule wenye picha.

Usitumie uzi hai. Nakili kwanza, kisha ukate, ndipo ufunge kwa watu wako.

Kutumia mwondoko mmoja kwenye maonyesho mengi si kosa. Usiubadilishe kwa ajili ya mtu mmoja bila kumpa nakala yake.

Usihifadhi juu ya cha zamani. Hifadhi pembeni, uandike tarehe.

Usibonyeze ndiyo kwa sababu umezoea kubonyeza ndiyo.

Usinase salamu ya mtu, wala kilio chake, wala anavyombeba mtoto. Nasa kutembea, na hata hapo umuulize mara mbili.

Usimfiche mgonjwa anatembelea nguvu za nani. Pengine anajua, na anabeba peke yake.

Ukiona mzazi wako anasinzia mchana na mikono inanuka majivu, usimwache alale.

Na ukimkuta mtu amesimama wima mbele ya mkubwa wake, usikimbilie kusema hana adabu. Muulize kwanza goti lake liko wapi.